Kufumbua Mafumbo ya Hesabu

Hesabu ni lugha. Ina majina yake, nayo ni tarakimu. Ina vitenzi vyake, navyo ni kujumlisha, kutoa, kuzidisha na kugawanya. Ina hukumu yake, nayo ni alama ya sawasawa. Mtu aweza kuzijua tarakimu zote na alama zote, akawa mwepesi wa kukokotoa kama mashine; lakini akishindwa kuzigeuza habari za dunia ziingie katika lugha hiyo, wepesi wake haumfai kitu. Yu kama mtu mwenye jembe zuri asiyejua shamba lake liko wapi.

Nimefundisha watoto wa shule ya msingi katika pwani ya Kenya kwa miaka kumi na miwili, tangu nilipotoka chuo cha ualimu. Katika muda huo sijaona jambo linalowatoa watoto jasho kuliko lile ambalo wazee wetu waliliita fumbo, yaani hesabu inayosimuliwa kwa maneno badala ya kuandikwa kwa alama. Mwandikie mtoto ubaoni 15 − 6, atakujibu 9 kabla hujaiweka chaki mezani. Kisha mwambie: Amina ana machungwa 15, amemzidi Saidi kwa machungwa 6, Saidi ana machungwa mangapi? Darasa zima litanyamaza. Mmoja atasema 21. Mwingine atasema 90. Wa tatu atatazama dirishani, akiomba kengele ilie.

Hesabu ni ile ile moja, na watoto ni wale wale. Kilichobadilika ni vazi tu. Kwa nini basi vazi limshinde mtoto aliyekwisha kuufahamu mwili?

Yafaa kwanza tusiwalaumu watoto, maana safari tunayowataka waifunge kwa dakika moja, wanadamu waliifunga kwa maelfu ya miaka. Katika jumba la makumbusho la British Museum mjini London limehifadhiwa karatasi la mafunjo kutoka Misri, ambalo mwandishi aitwaye Ahmes alilinakili karibu na mwaka 1550 kabla ya kuzaliwa Kristo. Humo mna mafumbo ya kugawa mikate kati ya watu kumi, na fumbo jingine lisemalo kwamba kiasi fulani kikijumlishwa na sehemu yake ya saba huwa 19. Kiasi hicho ni kipi? Jibu lake ni 16 na sehemu tano za nane. Mwanafunzi wa leo akijua aljebra hulifumbua kwa mistari mitatu. Ahmes hakuwa na aljebra wala alama ya kujumlisha kama yetu. Alikuwa na maneno, subira na akili.

Zaidi ya miaka elfu mbili baadaye, mjini Baghdad, katika zama za Khalifa al-Maamun aliyetawala kuanzia 813 hadi 833, mwanachuoni al-Khwarizmi alitunga kitabu ambacho kwacho dunia ilipata neno aljebra. Kitabu hicho chote kiliandikwa kwa maneno matupu, na sehemu yake kubwa ni mafumbo ya wasia na mirathi: mtu amekufa, ameacha mke na wana, kila mmoja apate kiasi gani? Sisi watu wa pwani twaijua habari hiyo, kwa kuwa maneno yetu robo, theluthi na thumuni yametoka katika lugha ile ile. Alama tunazoziona kama zimekuwapo tangu dunia kuumbwa ni za juzi. Alama ya kujumlisha na ya kutoa zilichapwa kitabuni mara ya kwanza Ujerumani mwaka 1489. Alama ya sawasawa ilibuniwa na Robert Recorde, mtu wa Wales, mwaka 1557. Alama ya kuzidisha ilitolewa na William Oughtred mwaka 1631. Na ile ya kugawanya ikatumiwa na Johann Rahn mwaka 1659. Maneno yalitangulia, alama zikafuata. Basi mtoto anayesitasita kati ya neno na alama hasitisiti kwa ujinga. Amesimama kwenye kivuko ambacho mataifa yalikawia sana kukivuka.

Tatizo la pili ni kwamba maneno yana hila. Wako walimu wanaowafundisha watoto kuwinda neno moja katika fumbo, kama mtu awindaye kwa kutazama unyayo mmoja tu: ukiona neno toa, basi toa, ukiona zidi, basi zidisha, ukiona jumla, basi jumlisha, ukiona kila, basi gawanya. Njia hii ni fupi, lakini huishia shimoni. Turudi kwa Amina na Saidi. Neno amemzidi limemdanganya mtoto mmoja akazidisha, akapata 90. Limemdanganya wa pili akaongeza, akapata 21. Hakuna hata mmoja aliyejiuliza ni nani mwenye machungwa mengi na ni nani mwenye machache. Lau wangaliuliza, wangaliona kwamba Saidi ndiye mwenye machache, na ya kwamba jibu lolote linalopita 15 haliwezi kuwa kweli.

Chukua neno toa. Mvuvi alitoa madema mawili majini. Dema la kwanza lilitoa samaki 12, na la pili likatoa samaki 9. Alipata samaki wangapi? Neno toa limetajwa mara mbili, na ole wake mtoto atakayetoa. Au tazama hili: Bibi alikaanga mahamri. Akauza 35, akabakiwa na 25. Alikaanga mangapi? Kuuza ni kupungua na kubaki ni kupungukiwa, kwa hiyo mwinda maneno huandika 35 − 25, akapata 10, akafurahi. Hakuona ajabu kwamba bibi aliyekaanga mahamri kumi aliuza thelathini na matano. Tena mwambie mtoto: Toa 8 katika 20. Ataandika 8 kwanza kwa kuwa aliisikia kwanza, halafu atashangaa mbona hesabu haiendi. Mpangilio wa maneno mdomoni si lazima uwe mpangilio wa tarakimu daftarini.

Nalo neno kila ni kinyonga. Watoto sita walipata kila mmoja maembe manne. Yalikuwa maembe mangapi? Hapo twazidisha. Maembe 24 yaligawiwa watoto sita sawasawa. Kila mmoja alipata mangapi? Hapo twagawanya. Neno ni lile lile, rangi ni nyingine.

Wahenga walisema, fumbo mfumbie mjinga, mwerevu huligangua. Na mwerevu huligangua vipi? Watoto wetu wanajua, ila hatujawaambia kwamba wanajua. Jioni, mkubwa akisema kitendawili, wao husema tega. Akisema nyumba yangu haina mlango, hakuna mtoto aendaye kutafuta fundi seremala. Huliacha neno nyumba, akaishika sura: kitu kilichofungwa pande zote, chenye kitu ndani. Mara hupiga kelele, yai! Amefumbua kwa kuona, wala si kwa kuokota neno. Mafumbo ya hesabu nayo yataka jicho hilo hilo.

Lakini darasani jicho hilo hufumbwa. Karibu na mwaka 1980, walimu watafiti wa mji wa Grenoble nchini Ufaransa waliwapa watoto wadogo swali hili: Katika jahazi mna kondoo 26 na mbuzi 10, nahodha ana umri wa miaka mingapi? Kati ya watoto 97 walioulizwa, 76 walitoa umri wa nahodha kwa kuzichanganya namba hizo, na wengi wakasema 36. Msomaji aweza kucheka. Mimi sikucheka niliposoma habari hiyo, kwa maana watoto hao hawakuwa wapumbavu. Walikuwa wamejifunza somo ambalo hakuna mwalimu aliyekusudia kulifundisha, nalo ni kwamba hesabu ya shuleni haihusu kitu chochote cha kweli. Ukipewa namba mbili, kazi yako ni kuzifanyia jambo fulani, kisha kungoja alama ya vema au ya kosa.

Madhara ya somo hilo niliyaona kwa mtoto mmoja wa kike wa gredi ya nne, ambaye jina lake nitalihifadhi. Alikuwa mpole, daftari lake safi, na mafumbo yake karibu yote yamekosewa. Katika jaribio la mafumbo ishirini alipata manne. Wenzake walimtia jina baya, na yeye akalikubali, kama mtu anavyokubali mvua. Aliishi na bibi yake, aliyekuwa na kibanda cha mahamri na mbaazi karibu na kituo cha matatu. Asubuhi moja ya Jumamosi nilipita hapo. Nilimwamkia bibi shikamoo, akaitikia marahaba, akanikaribisha benchini.

"Mwalimu," akaniambia, "huyu mjukuu wangu naambiwa hana kichwa cha hesabu. Mimi ni mtu mzima na macho yananipotea. Hapa kibandani yeye ndiye jicho langu. Kama shule haimwingii, si heri nimkalishe hapa tusaidiane, kuliko kumlipia sare na vitabu bure?"

Kabla sijajibu, alifika dereva mmoja. Alikula mahamri saba ya shilingi kumi kumi na sahani ya mbaazi ya shilingi arobaini, akatoa noti ya mia mbili. Mtoto hakukawia hata nukta. Alianza pale bei ilipoishia, akahesabu akipanda: "Mia na kumi, arubaini hii, mia na hamsini, na hamsini hii, mia mbili." Akamtilia dereva shilingi tisini mkononi. Nilitoa karatasi mfukoni nikamwandikia, kwa maneno ya kitabu cha shule, kwamba mnunuzi alilipa noti ya shilingi 200 kwa bidhaa zenye thamani ya shilingi 110, atafute salio. Uso wake ukafifia pale pale. Alichukua kalamu akaandika 310.

Nikamwambia, "Mama, ni yule dereva aliyeondoka sasa hivi."

Akanitazama, akaitazama karatasi, akanitazama tena. "Kumbe ni chenji!" akasema. "Si tisini?"

Nikamgeukia bibi nikamwambia, "Bibi, kichwa anacho. Kinachokosekana ni daraja. Nipe muhula mmoja."

Bibi akafikiri kidogo, akakoroga mbaazi zake. "Haya, mwanangu. Muhula mmoja."

Nilijua kwamba haikuwa ahadi ya mzaha. Mwisho wa muhula ungeamua kama mtoto yule angerudi darasani au angebaki kibandani. Nilijua pia kwamba hakuwa peke yake duniani. Mwaka 1985 watafiti watatu walitangaza habari za watoto watano wachuuzi wa mji wa Recife, nchini Brazil. Sokoni, watoto hao walijibu sawa karibu maswali yote ya bei na chenji, 98 katika kila 100. Walipopewa hesabu zizo hizo kwa alama tupu kwenye karatasi, walipata 37 tu katika kila 100. Walipopewa mafumbo ya maneno, walipata 74. Akili haikubaki sokoni. Kilichobaki sokoni ni maana.

Basi daraja hujengwaje? Nitaeleza tunavyofanya darasani, maana huenda msomaji ana mdogo wake nyumbani ambaye jioni hulia mbele ya daftari.

Kwanza, twasoma fumbo bila namba. Nazifunika namba kwa kipande cha karatasi, ikabaki hadithi tupu: Amina ana machungwa kadhaa; amemzidi Saidi kwa machungwa kadhaa; Saidi ana mangapi? Mtoto asiyeona namba hawezi kuzirukia. Analazimika kusikiliza. Namwuliza: habari hii inamhusu nani? Nani ana mengi? Tunatafuta nini? Akinijibu kwa maneno yake mwenyewe, na si kwa kuyakariri ya kitabu, najua ameingia ndani ya nyumba. Haraka haraka haina baraka, na hakuna mahali penye ukweli huo kuliko hapa.

Pili, twaigiza au twachora. Kama ni samaki, tunaokota vifuu na kokoto tukaviita samaki. Kama ni kulinganisha, twachora mikanda miwili, mmoja chini ya mwingine: mkanda mrefu wa Amina, mkanda mfupi wa Saidi, na ile nafasi inayoupungukia mkanda mfupi ndiyo machungwa 6. Mtoto akiuona mchoro huo, hamwulizi mwalimu ajumlishe au atoe. Jicho limekwisha kumwambia. Katika nchi ya Singapore michoro ya namna hii ilianza kufundishwa shuleni katika miaka ya 1980, nayo imesifiwa mahali pengi. Haihitaji fedha, fimbo na mchanga wa uwanjani vinatosha.

Tatu, twatunga sentensi ya Kiswahili kabla ya sentensi ya alama: Machungwa ya Saidi ni machungwa ya Amina kasoro sita. Hapo ndipo neno kasoro, ambalo mtoto amelijua tangu alipofundishwa kusema saa tatu kasoro robo, linapogeuka kuwa alama ya kutoa. Sentensi moja mdomoni, sentensi moja daftarini, nazo zinafanana kama mapacha: 15 − 6 = 9.

Nne, twarudi kwenye hadithi. Mtaalamu George Pólya, aliyezaliwa Hungaria na kufundisha Marekani, katika kitabu chake cha mwaka 1945 juu ya kutatua maswali alizitaja hatua nne: kulielewa swali, kupanga njia, kuifuata njia, na kutazama nyuma. Hii ya nne ndiyo hudharauliwa na wengi. Mtoto akisha kupata 9, namwambia: mpe Saidi machungwa yake 9, umwongezee 6, je, amefikia ya Amina? Naam, 15. Jibu limejishuhudia lenyewe, wala halihitaji kalamu nyekundu ya mwalimu.

Kutazama nyuma huokoa hata pale hesabu ilipokwenda sawa. Wanafunzi 45 wanasafiri kwa matatu zinazochukua abiria 14 kila moja. Zinahitajika matatu ngapi? Tukigawanya twapata 3, na baki ni 3. Mtoto mmoja huandika kwamba zinahitajika matatu 3 na baki 3. Mwingine huacha baki, akasema 3. Namwuliza: na hao watoto watatu, tuwaache barabarani? Darasa hucheka, kisha husema kwa pamoja: nne! Swali kama hili kuhusu askari na mabasi liliwashinda vijana wengi wa miaka 13 nchini Marekani katika mtihani uliotangazwa mwaka 1983. Wengi walijua kugawanya, wachache wakakumbuka kwamba hakuna basi lililo nusu. Lakini badili hadithi: bibi ana unga wa kutosha mahamri 45, na kila pakiti hujaa mahamri 14, atauza pakiti kamili ngapi? Sasa jibu ni 3, na yale matatu tutayala sisi. Namba ni zile zile, tena mgawanyo ni ule ule, ila maisha ndiyo yanayoamua jibu.

Tano, na hii ndiyo hatua niipendayo kuliko zote, twageuza safari. Badala ya kuwapa watoto fumbo wakatafuta alama, nawapa alama wakatunga fumbo. Nilipoandika 5 × 8, yule mtoto wa kibandani alinyoosha mkono kwa mara ya kwanza katika muhula. "Wageni watano wamekuja nyumbani," akasema, "na bibi hataki aibu, kwa hiyo kila mgeni amewekewa mahamri manane." Darasa likaangua kicheko, naye akacheka pia. Mtu atungaye fumbo halogwi na fumbo, kama vile fundi wa mitego asivyonaswa kwa urahisi.

Kuna kikwazo kimoja zaidi ambacho si haki kukinyamazia. Katika nchi yetu, Kamati ya Gachathi ya mwaka 1976 ilipendekeza watoto wafundishwe kwa lugha ya mazingira yao katika miaka mitatu ya kwanza ya shule, kisha Kiingereza kishike nafasi hiyo. Kwa hiyo mtoto wa gredi ya nne hufumbua mara mbili: kwanza hulitoa fumbo katika Kiingereza, kisha hulitia katika hesabu. Mtoto wa Kigiriama au wa Kidigo huenda akapita lugha tatu kabla hajaifikia alama moja. Tazama saa peke yake. Basi linaondoka saa mbili asubuhi kwa hesabu yetu, na Kiingereza huiita saa ya nane. Linafika saa sita mchana, na Kiingereza huiita saa ya kumi na mbili. Muda wa safari ni saa nne kwa kila lugha, kwa kuwa zote mbili zimesogezwa kwa saa sita. Lakini mtoto akisoma nane kwa Kiingereza na kuwaza sita kwa Kiswahili, atatoa sita katika nane, na basi lake litafika kwa saa mbili. Kukokotoa hakukumshinda, alisimama na mguu mmoja katika kila mtumbwi.

Dawa yake ni kumruhusu mtoto alisimulie fumbo kwa lugha ambayo mama yake alimwimbia, kisha arudi na maana mkononi kwenye lugha ya kitabu. Sioni aibu katika jambo hili. Lugha ya nyumbani haimzuii mtoto kujifunza Kiingereza. Humpa kitu cha kukisema kwa Kiingereza.

Muhula ulipokwisha, mtoto yule alipewa tena mafumbo ishirini. Alipata kumi na matatu. Si ushindi wa kupigiwa ngoma, na wako waliompita kwa mbali. Lakini katika yale saba aliyokosa, manne yalikuwa na mchoro sahihi, na kosa lilikuwa la kukokotoa tu. Na katika daftari lake hapakuwa tena na nahodha mwenye umri wa kondoo na mbuzi. Bibi aliletewa karatasi ile. Hakuweza kuyasoma maandishi, ila aliitazama michoro kwa muda mrefu, akasema, "Hii ni sinia yangu." Kisha akanunua sare mpya.

Nawe, kijana wa shule ya upili unayesoma maneno haya, usidhani kwamba mafumbo ni mambo ya wadogo zako. Fizikia yako ni mafumbo, na kemia kadhalika. Na utakapomaliza shule, mafumbo yatakungoja nje ya lango, tena hayatakuwa na mwalimu wa kuyasahihisha. Tuseme utapewa mkopo kwa simu wa shilingi 1,000, na tangazo litanena kwa sauti tamu kwamba ada yake ni asilimia saba na nusu tu kwa mwezi. Neno tu ni neno dogo, lakini lina kazi kubwa. Asilimia saba na nusu ya 1,000 ni shilingi 75. Ukikopa na kulipa, ukakopa tena kila mwezi kwa mwaka mzima, umelipa ada mara 12, nazo ni shilingi 900. Umelipa mia tisa ili kuitumia elfu moja ambayo si yako. Asiyejua kufumbua hulisikia tangazo. Ajuaye kufumbua huisikia hesabu. Vivyo hivyo katika mkataba wa kukodi shamba, katika kipimo cha dawa ya mtoto, katika ahadi ya mgombea anayesema atagawa fedha fulani kwa watu fulani. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Nami nathubutu kuongeza kwamba hata daftari halitoshi, kama mwenyewe hajui kuyageuza maneno yaliyomo yawe hesabu.

Basi nakuomba mambo mawili. La kwanza, ukikutana na fumbo, usiliulize nifanye alama gani. Liulize una habari gani. Funika namba, soma hadithi, chora sura, sema sentensi, andika alama, kisha rudi ukaitazame hadithi tena. La pili, mdogo wako akija na daftari jioni, usimpe jibu. Mwulize: nani ana mengi? Tunatafuta nini? Nichoree. Ukimpa jibu, umemvusha mto mmoja kwa mgongo wako. Ukimpa swali, umemfundisha kujenga daraja, na mito iliyo mbele yake ni mingi kuliko nguvu za mgongo wako.